Sahihi Zilizotoka Nje ya Mstari

6 Februari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na Baba. Sisi huku hatujambo. Mtoto ametoa jino la pili na anamng'ata mama yake kila anaponyonya. Wifi yako anasema alikwenda hospitali kuzaa mtoto, wakampa panya. Kazi inaendelea.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mwezi uliopita nilikwenda kuongeza muda wa leseni. Dada wa dirishani aliingiza namba yangu kwenye kompyuta, akatazama, akaniuliza kama nina ugomvi na mtu. Nikamwambia sina. Akasema, "Basi una ugomvi na mahakama ya kwenu." Nina makosa matano ya barabarani huko wilayani, yote ya mwaka jana, na yote sikufika mahakamani nilipoitwa. Kompyuta yao inaonyesha idadi tu. Maelezo yamo kwenye makaratasi huko huko. Mpaka mahakama iandike kwamba mambo hayo yamekwisha, leseni yangu hawaigusi.

Unajua mwaka jana mzima sikutia mguu huko. Labda namba imekosewa. Naomba uende masjala, kile chumba cha majalada ya mahakama, ukawaulize. Nimeambatanisha barua ya kukuruhusu na nakala ya leseni.

Kwa simu sitaki. Mara ya mwisho nilipokupigia, nilikuuliza jambo wewe, Baba akajibu kutoka chumba cha pili. Sipendi apate wasiwasi bure.

Kaka yako

27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Tumepata barua yako na tumefurahi kusikia habari za meno. Baba mzima, anakula vizuri, anakusalimu. Miche ya vitunguu imetoka yote, ya kabichi nusu imeliwa na konokono. Lile gari ulilotuachia, Kobe, linaendelea kutupeleka gulioni kila wiki na halijaumwa.

Mahakamani nimekwenda mara tatu. Masjala iko uani, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, na bado kina harufu ya dawa ya wadudu. Karani wake watu wamembatiza Njoo-Kesho. Siku ya kwanza aliniambia njoo kesho. Kesho yake nilikuta kufuli, na mlinzi akanieleza kwamba kesho ya yule bwana si ile ya kwenye kalenda. Siku ya tatu nilimpata.

Majalada ya barabarani hayakupangwa kwa majina wala kwa namba za leseni. Yamepangwa kwa kituo cha polisi kilichoyaleta, na yamefungwa kwa kamba mafungu mafungu mpaka darini. Akaniuliza kosa lilitokea kituo gani. Nikasema hatujui. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada yangu, mtu akipotelewa na mbuzi, hajui alipo lakini anajua zizi alilotoka."

Kwa hiyo sikupata kitu. Pengine ni kosa la kompyuta, kama ulivyodhani. Huwezi kuwabana hao hao wa mjini?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Natumai hamjambo. Huku wazima, isipokuwa wifi yako ana mafua.

Nimewabana. Dada wa dirishani amenipa tarehe, nami nakuandikia hapa: 11 Juni, 18 Juni, 25 Juni, 2 Julai, 9 Julai. Kati ya moja na nyingine ni siku saba kamili, na kwa kalenda ninayoitazama hizo zote ni siku za gulio. Mwambie Njoo-Kesho afungue fungu la kituo cha pale gulioni, huyo mbuzi atamkuta.

Nashangaa kidogo kwamba hukuliwaza hilo wewe unayekwenda huko kila wiki.

Mpe Baba aisome barua hii. Anawafahamu askari wa barabara ile kuliko sisi sote, huenda akajua nani aliandika na kwa nini. Na tafadhali usikawie. Wakubwa wa kazini wananiuliza leseni.

Kaka yako

16 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa nyingi na miche haingoji mtu. Wifi amepona? Mwambie nimemshonea mtoto kofia, nitaituma nikipata msafiri.

Barua yako nilimsomea Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mtoto ana meno mangapi sasa.

Majalada yameonekana. Lilipofunguliwa fungu la kituo cha gulioni, vumbi lilimkaba karani akakohoa mpaka akaketi, ikabidi nitafute mwenyewe. Gari lililoandikwa ni Kobe. Leseni iliyoandikwa ni yako, ile ya zamani ya kitabu, kabla hawajaleta za kadi. Uliiacha kwenye kisanduku cha mbele cha gari na picha yake imefutika, kwa hiyo nadhani mtu akiulizwa leseni hutoa hiyo.

Nakutumia nakala nne. La tano halijaonekana.

Ushauri wangu, kaka, kiri yaishe. Karani anasema ukiandika barua ya kukubali makosa, hakimu anaweza kuyamaliza bila wewe kusafiri. Ya nini kufukua kaburi kwa ajili ya karatasi nne?

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Wifi yako amepona, mtoto anatambaa na hakuna kitu cha chini kilichobaki mahali pake.

Nimezisoma nakala zako mara kadhaa. La kwanza: kutosimama kwenye kibao cha njia panda. La pili: kuendesha upande usio wake. La tatu: kupita kizuizi cha polisi. La nne: kuegesha katikati ya njia ya kuingilia gulioni na kukataa kuondoka. Mimi nimeendesha magari miaka kumi na sita. Namjua mlevi, namjua mwenye haraka, namjua mwenye kiburi. Huyu si mlevi, maana ni saa tatu asubuhi. Hana haraka, maana mara mbili askari mwenyewe ameandika "mwendo wa pole". Na mwenye kiburi haombi radhi, wakati karatasi ya tatu inasema dereva aliomba radhi akasema hakujua kama kuna watu.

Sahihi ni za Baba. Ile herufi ya kwanza anaizungusha kama ndoana, hakuna mwingine anayeandika hivyo. Kwenye karatasi ya kwanza iko karibu na mstari. Kwenye ya nne imekaa juu ya maneno ya askari, na mkia wake umetoka nje ya karatasi.

Niliziacha mezani. Wifi yako alipoziona tarehe akasema, "Hizi si zile wiki wifi alipokuwa hapa akinisaidia mtoto?" Ni kweli. Ulifika tarehe 5 Juni ukaondoka tarehe 14 Julai.

Nakuuliza mambo mawili. Kwa nini Baba, miaka yote hiyo, hakupata kosa hata moja wewe ukiwepo? Na jalada la tano liko wapi? Mtu aliyeyapata manne kwenye fungu moja la kamba hawezi kulikosa la tano.

Sikuandika kwa hasira. Nataka kujua.

Kaka yako

2 Mei

Kaka,

Baba mzima. Mvua bado.

Baba haoni. Jicho la kushoto lilitangulia, mwaka wa nne huu. La kulia linaona mwanga na vivuli, kama mtu anayetazama nje kupitia kioo cha bafuni. Barabara ya gulioni anaijua kwa mwili wake, kila shimo na kila mteremko. Mimi hukaa pembeni na trei za miche mapajani, namwambia: baiskeli kushoto, punguza, kibao, simama. Tulianza kama mzaha, siku jua lilipompiga machoni. Ilipofika mwaka wa pili hatukuliongelea tena. Nilisema "punguza" kama ninavyosema "chai tayari".

Hakuna aliyejua. Askari walikuwa wananisalimia mimi kwanza.

Nilipokuja kwako nilimwambia Baba kwamba Kobe asitoke mpaka nirudi. Akasema sawa. Lakini majirani walileta magunia yao, na Baba hajawahi kumwambia mtu hapana.

Jalada la tano niliinakili karatasi yake nikaificha. Aligonga baiskeli. Mwenyewe ni yule fundi viatu wa kona ya gulio, alikuwa anafika na sanduku lake la kazi. Alivunjika mkono, wa kulia. Niliporudi kutoka kwako nilikuta taa moja ya Kobe imepasuka, Baba akasema ni mbuzi. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nikaendelea kupanda naye kila wiki, mpaka wiki niliyoisoma karatasi ile masjala. Ndiyo iliyonichelewesha kukuandikia. Naisingizia mvua bure.

Nilikuwa nahitaji gari, kaka. Miche haibebeki kichwani kilomita ishirini. Hilo nalo liweke kwenye hesabu.

Na jambo lingine. Wifi alinipigia jana nikiwa shambani. Anasema kazi "haiendelei". Anasema tangu Januari unafagia mabasi ya wenzako pale yadi. Kwa hiyo usiniulize peke yangu nimeficha nini.

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu,

Ni kweli. Nafagia, napima upepo wa matairi, na asubuhi nawafungulia lango madereva niliowafundisha mwenyewe. Sikutaka mjue. Nilidhani karatasi zitapatikana haraka.

Nimekwenda kuuliza. Mtu aliyekuwa akiendesha akifika mbele ya hakimu na kusema ni yeye, makosa yanaondolewa kwenye namba yangu. Naambatanisha kiapo changu kilichogongwa mhuri.

Barua ya kukiri sitaandika. Usifikiri ni kwa ajili ya leseni tu. Nikikiri mimi, yule fundi atakuwa amevunjwa mkono na mtu ambaye hakuwepo, na siku ya gulio Baba atawasha gari.

Mwambie. Ukishindwa nitakuja kumwambia mimi, lakini naona ni afadhali aisikie kwako. Wewe ulikuwa naye njiani.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii, imegongwa mihuri miwili. Itazame kwanza, kisha usome yanayofuata.

Ilinichukua wiki mbili kumwambia Baba. Siku nyingine nilianza nikaishia kuuliza kama chumvi imetosha. Mwishowe nilimkuta uani anasuka upya kamba ya kitanda, nikamweleza yote bila kupumua: leseni yako, lango la yadi, majalada matano. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akauliza, "Yule fundi, mkono umepona?"

Basi alijua kwamba hakuwa mbuzi.

Nikasema sijui. Akasema, "Twende tukajue."

Mahakama ilipotupa siku tulikwenda huko kwa miguu, kilomita sita, ameshika bega langu. Nilitaka kumpitishia njia ya nyuma watu wasimwone. Akakataa, akasema njia ya nyuma haijui. Majirani walitusalimia kama kawaida, halafu sauti zao zikashuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walimwona anashikilia mtu.

Hakimu ni mwanamke, si mtu mzima sana, amevaa sweta juu ya nguo za kazi kwa sababu dirisha la chumba kile halifungi. Njoo-Kesho alikuwa ameyapanga majalada matano mezani tangu asubuhi. Fundi viatu alikuwa ameitwa, ameketi benchi la mbele. Mkono wa kulia anaulaza mapajani, kiwiko hakinyooki.

Hakimu alisoma kiapo chako kwa sauti, akauliza, "Mzee, ni wewe uliyekuwa unaendesha siku hizi zote?"

"Ni mimi."

"Kwa nini ulitoa leseni ya mwanao?"

"Askari alisema nipe leseni. Kwenye gari kuna moja. Nikampa hiyo."

Watu wawili watatu walicheka, na hakimu akawaacha wacheke. Kisha akauliza, "Na barua za kukuita mahakamani hukuziona?"

"Zilikuja," Baba akasema. "Sikuwa na wa kunisomea."

Kaka, mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo. Barua zile zilikuwa zinakuja kwa jina lako, na Baba aliziweka chini ya mkeka wa kitanda chake. Angenipa nizisome ningejua yote tangu Agosti. Alikaa nazo karibu mwaka mzima ili nisijue.

Ndipo hakimu alipomwuliza fundi kama ana la kusema. Alisimama, akasema maneno machache. "Nilimwona anakuja upande wangu. Nikapiga kengele. Nikapiga tena. Aliniangalia usoni, mheshimiwa, nami nikadhani atanipisha. Akaja. Mpaka leo sijalala vizuri kwa sababu ya uso ule. Nilikuwa najiuliza nimemkosea nini."

Hakimu alivua miwani yake akaishika juu, akamwambia Baba, "Mzee, nimeshika nini?"

Baba angeweza kubahatisha, ni hodari wa kubahatisha, ndivyo tulivyoishi. Akasema, "Sioni, mama. Sikumwona huyu bwana. Sikuwa nimemwangalia. Kama ningemwona ningesimama."

Fundi aliketi taratibu, akajifuta uso kwa mkono wa kushoto.

Hakimu alimwuliza fundi anataka nini. Akasema anataka mzee asishike tena usukani, na basi. Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa Kobe, akaunyoosha mbele. Meza ilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Ufunguo ulianguka sakafuni. Njoo-Kesho ndiye aliyeinama akauokota, akauweka juu ya jalada la tano.

Makosa yako yamefutwa kwenye namba yako na kuandikwa kwa Baba. Amekatazwa kuendesha maisha yake yote. Faini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Hakimu aliniuliza na mimi: "Wewe binti, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda mrefu, kisha akaniambia niende nyumbani.

Tulipotoka kwenye baraza fundi alikuja, akamshika Baba mkono, akautia mkono wa Baba kwenye kiwiko chake kibovu. Baba alikipapasa, akauliza kama anaweza bado kushona. Akajibu anashona kwa kushoto, viatu viwili kwa siku badala ya sita.

Njiani tulipumzika darajani. Hapo Baba akasema, "Kengele niliisikia. Nilidhani ni ya shule."

Tangu hapo hajalitaja tena. Kobe amewekwa matofali chini ya magurudumu. Miche naipeleka kwa gari la jirani, yule yule wa magunia. Ameacha kunitazama machoni, lakini ananipeleka. Fundi nampelekea mboga siku za gulio. Mara ya kwanza alizirudisha, ya pili akazipokea.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako. Nilifika dirishani na ile karatasi saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu nilikuwa nje na leseni mpya. Dada yule aliuliza ugomvi umekwishaje. Nikamwambia haukuwa ugomvi. Nimerudishwa kwenye basi tangu Jumatatu. Aliyekuwa akiliendesha ameniachia kiti kimesogezwa mbele sana, nimejigonga goti.

Barua yako nilimsomea wifi yako, lakini pale kwenye kengele nilishindwa, akaichukua akamalizia mwenyewe.

Kuna jambo sikukuandikia, na baada ya wewe kusema mbele ya hakimu kwamba ulijua, siwezi kuendelea kunyamaza. Nilipokuja miaka miwili iliyopita nilimwonyesha Baba picha. Aliishika juu chini, akaitazama, akasema nimependeza sana. Ilikuwa picha ya basi. Nikaichukua mkononi mwake nikairudisha mfukoni. Siku ya kuondoka alinipeleka stendi na Kobe, wewe ulibaki kumwagilia. Kwenye njia panda alianza kuvuka upande. Nikamwambia, "Kushoto kidogo, Baba." Akavuta kushoto. Nilishuka, nikapanda basi, nikasinzia. Mimi, dereva wa miaka kumi na sita, ninayeweza kumsimamisha mwenzangu kazini kwa sababu taa yake moja haiwaki.

Kwa hiyo mlikuwa wawili garini, na mimi ni wa tatu. Kama ningesema siku ile, fundi angekuwa anashona viatu sita.

Nimeuliza hospitali ya macho. Hawaahidi kitu mpaka wamwone, hasa lile jicho la kulia. Fundi nitamtembelea mwenyewe, usimtangulizie habari.

Tunakuja wiki ya mwisho ya mwezi huu, mimi, wifi yako na mtoto. Baba usimwambie. Kila nikija kwa taarifa namkuta amejiandaa: ameketi pale ambapo mlango utamwelekea, ameshahesabu hatua mpaka kizingitini, ananyoosha mkono kabla sijanyoosha wangu, na mimi naondoka nikisema mzee bado imara. Safari hii nataka nimkute hivyo alivyo. Nitasimama karibu nimwambie mimi ni nani. Kisha nitampa mtoto, amjue kwa mikono, na asiwe na haja ya kuniambia kwamba amependeza.

Kaka yako